Boksi Lako Halikufungwa na Mtu

Vero, Mama Sifa,

Hapa Kasongo wanasema ni mimi niliyekula roho yako. Hawanisemi usoni. Nikipita sokoni wananyamaza, halafu nikishawapita nasikia sauti zinaanza tena nyuma yangu. Jana yule mama anayeuza mawese alinijazia chupa bila kunitazama, akaiweka juu ya meza badala ya kunipa mkononi. Nikamwambia aksanti. Aligeukia mteja mwingine ambaye hakuwapo.

Nakuandikia wewe kwa sababu ni wewe tu unayejua kwamba si kweli, na wewe ndiye huwezi kusema.

Ulikufa vibaya, ndugu yangu. Sitapamba. Ulisema ni homa tu, ukameza vidonge vya duka, ukapanda juu ya bati kuigeuza panneau ya jua, ile iliyotupa umeme, kwa sababu wanafunzi walikuwa wanalalamika Wi-Fi inakatika. Nikakuambia, "Vero, shuka, twende hospitali." Ukaniambia, "Nimalize hii kwanza." Ulipokubali kwenda, tumbo lilikuwa limekuwa gumu kama ubao. Daktari alisema utumbo ulikuwa umetoboka. Alisema tungekuja mapema. Mimi nilisimama uani pale hospitalini nimemshika Sifa mkono, na nilikukasirikia. Bado nakukasirikia. Ulikuwa fundi wa kutafuta ugonjwa wa kila mashine, mwili wako mwenyewe hukuusikiliza.

Shemeji yako Anselme alikuja matangani. Kaka mkubwa wa marehemu mume wako, yule ambaye hakukanyaga kwako tangu Baba Sifa alipofukiwa na udongo shimoni, kule machimbo ya dhahabu upande wa Wamaza. Alitoka Kabambare kwa pikipiki, akafika na matope mpaka kifuani, na alilia kuliko sisi wote. Alijitupa chini. Watu walimuonea huruma. Matanga yalipokwisha alijipangusa, akaanza kufunga mizigo. Alichukua panneau. Alichukua batri. Alichukua godoro, masufuria, na boksi letu.

Boksi letu, Vero! Ile kompyuta kuukuu uliyoiokota kwenye ofisi iliyofungwa, ukaifuta vumbi kwa kikwembe chako cha kiunoni, ukaitoa kioo, ukaifundisha kuchukua mtandao wa modemu na kuugawa kwa majirani. Unakumbuka kadi ya Wi-Fi ya kwanza, ile ndogo ya kuchomeka ubavuni? Tulihangaika nayo tangu asubuhi. Taa iliwaka, simu hazikuona kitu. Mwishowe uliegemea ukuta ukacheka, ukasema, "Zuhura, hii kadi ni sawa na watu wa ukoo wa mume wangu. Inajua kupokea tu. Kugawa haijui." Tukatafuta nyingine. Jina la mtandao lilipojitokeza kwenye simu yangu kwa mara ya kwanza nilipiga kigelegele. Ulikuwa umeupa jina la mtoto wako. SIFA. Tangu siku hiyo watu walikuwa wanasema, "Naenda kwa Sifa kufungua mesaji."

Nilimwambia Anselme mashine ni yetu sote wawili. Aliniuliza, "Iko wapi karatasi?" Hakukuwa na karatasi, ulijua. Mimi na wewe tulikuwa na neno tu.

Kisha akamchukua Sifa. Alimtoa shuleni katikati ya masomo, na sare yake ya bluu na nyeupe. Nilishika usukani wa pikipiki. Nilimuambia Anselme kwamba mtoto amezoea hapa, nitamlea, sina wangu, atanichangamshia nyumba. Akaniambia, "Mutoto ni wa kwetu. Weye ni nani kwake?"

Si damu yangu. Si dini yangu. Nilikuwa nimemchana nywele kila Jumapili ukienda misa ya kwanza, lakini hilo si jibu mbele ya wanaume. Anselme na dereva wake walimpandisha katikati, nyuma yake godoro lako. Hakulia. Alinitazama tu, kama anangoja nifanye kitu, mpaka walipokata kona ya msikiti.

Nilibaki na meza, viti, na laptop yako yenye kioo kilichopasuka. Hiyo Anselme aliiacha kwa sababu alidhani imekufa.

Muda ukapita. Mvua zikaanza. Nilirudi kushona nguo, kazi niliyoifanya kabla hujanifundisha hii nyingine. Halafu Anselme akanitumia sauti kwenye simu. Niliisikiliza nikiwa nimesimama na sindano mkononi: "Zuhura, shikiliza muzuri. Hii mashine inawaka taa lakini Wi-Fi haionekani. Huko kwenu ilikuwa nzima, imefika Kabambare imekufa. Uliifunga. Kuja ufungue. Ukikataa, tutajua namna ya kufanya na mutoto."

Sikuelewa mtoto anaingiaje. Aliyenielewesha ni Sadiki, yule dereva wa pikipiki mwenye jino la dhahabu, anayepeleka chumvi na sabuni Kabambare. Alisimama mlangoni kwangu, akakataa kukaa. "Mama Zuhura, mimi siingilii mambo ya watu. Lakini ule mutoto nilimuona. Wamemunyoa nywele. Anakula peke yake, nyuma ya jikoni, kwa sahani ya mbwa. Wanasema tangu amefika, mashine imekufa, kuku zimekufa, mutoto mudogo wa Anselme anashikwa na homa kila siku. Wanasema alitoka na kitu ya mama yake."

Nikamuuliza, "Juu ya nini wanasema vile? Ni mutoto wa miaka kumi!"

"Alisema mwenyewe. Mashine ilipokataa, aliwaambia: mama yangu alikuwa anasema nayo, inamujibu."

Vero. Mtoto alisema ukweli wake. Mara ngapi alikaa pajani kwako, wewe unaandika kwenye kioo cheusi, mashine inarudisha mistari, na yeye anauliza, "Imekujibu nini?" na wewe unamwambia, "Imesema haioni kadi." Hayo tu. Hayo ndiyo waliyoyageuza kuwa ulozi.

Sadiki aliongeza kwamba kuna mtu wa chumba cha maombi, wanamwita mutumishi, ambaye amekwisha kuombwa ampokee Sifa. Katika chumba kile mtoto hapewi chakula wala maji mpaka aungame. Wewe unajua, mimi najua, kila mtu anajua watoto wengine wanatokaje mle. "Wanangoja nini?" nikamuuliza. "Wanakungoja weye," akasema. "Anselme anataka mashine kwanza."

Nikafunga laptop ndani ya kikwembe, nikaifunga kifuani kama mtoto mchanga, nikapanda nyuma ya Sadiki.

Njia ya Kabambare sitakuelezea, uliipita ukiwa bibi harusi. Ni mbaya zaidi sasa. Kuna mahali tulishuka tukasukuma, matope magotini, na kuna daraja la magogo ambapo Sadiki alipita na pikipiki peke yake akisoma dua, mimi nikafuata kwa kutambaa. Nilichokuwa nawaza ni kimoja. Mashine ilitoka kwangu nzima. Mtu hawezi kuifunga kwa maneno. Basi njiani imepata nini?

Tulifika jua likiwa bado juu. Nilimuona Sifa kabla sijamuona Anselme. Alikuwa amechutama nyuma ya jikoni, anatwanga sombe, yale majani ya muhogo, kichwa kimenyolewa vibaya, kina vidonda vidogo. Hakukimbia kuja. Alitazama kwanza mlango wa jikoni kuona kama anaruhusiwa. Kisha akasema chini chini, "Mama Zuhura, mimi sikuigusa." Hilo ndilo neno la kwanza aliloniambia.

Boksi lilikuwa dukani mbele, juu ya kaunta, katikati ya betri za tochi na makopo ya maziwa. Watu walikuwa wamejaa: wachimba dhahabu waliopita kununua sigara, majirani, mke wa Anselme wanayemwita Mama Gode, na mutumishi mwenyewe, mtu mwembamba, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Alinikaribisha kiti. Nilimchukia zaidi kwa upole ule kuliko kama angenitukana.

Nilimuuliza Anselme, "Mashine ilianguka njiani?" Akasema hapana. Nikatazama ubavuni. Kadi ya Wi-Fi iliyochomekwa pale ilikuwa nyeusi kama yetu, ndogo kama yetu, lakini yetu ilikuwa na mkwaruzo ulioufanya kwa kisu. "Hii kadi si yetu," nikasema. Mama Gode ndiye aliyejibu: ile ya kwanza ilivunjika kwenye mzigo, wakanunua nyingine kwa mfanyabiashara aliyetoka Uvira, ni ileile, hata sura ni moja.

Kumbe ni hiyo tu. Nilitaka kucheka, nilitaka kulia.

Nilichomeka laptop yako kwa waya, nikaanza kama ulivyonifundisha. Ulikuwa unasema, "Usiikasirikie mashine. Iulize. Kwanza, inaiona kadi? Pili, piloti wake ameamka? Tatu, hakuna mwingine aliyeishika kabla yetu?" Piloti, kile kiprogramu kinachojua lugha ya kadi, maana bila yeye kadi ni plastiki yenye taa. Nikauliza la kwanza. Mashine ikajibu inaiona kadi, na ikanipa namba yake, na namba ilikuwa ya ukoo mwingine kabisa. Nje inafanana na yetu, ndani ni mgeni. Nikauliza la pili. Hakukuwa na piloti wake. Mule ndani kulikuwa na piloti wa kadi yetu iliyokufa, na wengine ambao hawakumjua sawasawa mgeni huyu.

Niliwageukia nikawaeleza. Nilisema polepole, kwa maneno ya nyumbani: "Mumeleta punda mupya, lakini mutu aliyejua kumuongoza ni wa punda wa zamani. Hakuna mutu alifunga kitu. Iko inakosa piloti yake." Wachimbaji wawili walitikisa kichwa kama wanaelewa. Anselme akasema, "Fungua tu, mama. Maneno baadaye."

Nikatoka nje, nikapanda juu ya kibao, nikainua simu mpaka mtandao ukaonekana, nikamtafuta piloti. Alikuja matone matone. Ilibidi mashine impike yenyewe kutoka kwenye maandishi yake, iyageuze kuwa programu inayofanya kazi, na mara ya kwanza ilikataa katikati, mistari myekundu ikajaa kioo kilichopasuka. Huyo alikuwa ameandikwa kwa mfumo mpya kuliko wa kwetu. Nikarudi kwenye kibao. Nikatafuta mwingine, wa zamani zaidi. Nyuma yangu nilisikia mtu akisema, "Angalia anavyotazama mbinguni."

Wa pili alikubali kupikwa. Nikamwamsha. Taa ya kadi ikaanza kupepesa, na watu wakasogea. Lakini simu hazikuona kitu. Nikauliza mashine tena. Kadi ilikuwa inasikia mitandao mingine, haikutaka kugawa wake. Nikakumbuka swali lako la tatu. Kulikuwa na piloti mwingine mule ndani, nusu anayeijua kadi hii, ambaye kila mashine ilipowaka aliwahi kuishika, na yeye alijua kupokea tu. Nikamwondoa. Nikaandika kwamba asiamshwe tena. Nikalibadilisha jina la kadi kwenye mpangilio wako, nikaizima mashine, nikaiwasha.

Nilijisahau, Vero. Kwa dakika ile nilisahau niko wapi. Nilikuwa veranda kwetu, wewe umeegemea ukuta, tunangoja.

Mchimbaji mmoja akapiga kelele, "Imekuja!" Kila mtu akachomoa simu. Na kwenye kila simu ya Kabambare iliyokuwa pale dukani likatokea neno moja: SIFA.

Hapo ndipo kila kitu kiliharibika.

Mama Gode alishika kichwa. "Munaona? Munaona kwa macho yenu? Jina ya mutoto! Iko ndani ya mashine! Yeye alikuwa ndani hii wakati yote!"

Nilisimama. Nikasema hilo ni jina tu, mama yake aliliandika, kama mutu anavyoandika jina ya mutoto wake kwa mutumbwi ao juu ya mulango wa duka. Nikasema naweza kulibadilisha sasa hivi, nikaandika ANSELME, wataona. Nilisema tena habari ya piloti. Nilisema tena habari ya kadi ya Uvira. Sauti yangu ilikuwa inapanda, na kadiri ilivyopanda ndivyo walivyozidi kunitazama kama mtu anayeficha jambo. Wale wachimbaji waliotikisa kichwa mwanzoni walikuwa wanatazama chini.

Mutumishi akanyanyua mkono, watu wakanyamaza. Akasema kwa ile sauti yake ya upole, kama mtu anayeagiza chai: "Basi iko wazi. Mutoto ataingia leo. Hatakula, hatakunywa, mpaka ile kitu imutoke." Anselme akaitikia kwa kichwa. Alikwisha kupata mashine yake. Hakumhitaji tena mtoto, si mzima wala mgonjwa.

Niliona walihitaji mtu. Kadi, piloti, njia mbaya, mfanyabiashara wa Uvira, vyote hivyo havikuwa na uso wa kutemea mate. Walihitaji mwenye uso.

Nikasema, "Ni mimi."

Hawakusikia vizuri. Nikasema kwa nguvu: "Ni mimi niliifunga. Nilikasirika Anselme alichukua mali ya watu. Nikaifunga kwa jina ya mutoto ili mufikiri ni yeye. Sasa nimeifungua. Mutoto hajui kitu. Hana kitu."

Vero, ukweli niliueleza mpaka koo likakauka, hakuna aliyeushika. Uongo niliusema mara moja ukaingia kwao kama maji kwenye mchanga. Niliona nyuso zikilegea. Waliridhika! Mwanamke, hana mtoto, haogopi mashine, amekuja kutoka mbali: walikuwa wamenijua tangu zamani, wakangoja tu nijitaje.

Mama Gode akasogea mpaka karibu na uso wangu. "Na Vero? Vero ni nani alimukula?"

Nilinyamaza. Unisamehe. Kama ningelikataa hilo, lile la kwanza lingelianguka pia, na Sifa angeliingia katika chumba kile. Nilinyamaza, na wao wakaona kunyamaza kwangu ndilo jibu. Mtu mmoja nyuma alisema, "Eeh Mungu." Nilipogeuza macho nilimuona Sifa mlangoni, na beseni la sombe mikononi. Alikuwa amesikia yote.

Walinikamata mikono kunitoa. Hapo ndipo hasira ilinipa akili. Nikawaambia: "Ngojeni. Mumeona nguvu yangu, sivyo? Nimefungua, lakini jicho langu linabaki mule ndani. Siku huyu mutoto atalala njaa, siku atapigwa, siku hataenda masomo, hii boksi itakufa. Na haitakufa peke yake." Nilimtazama Anselme, kisha mutumishi, mmoja mmoja, bila kupepesa. Waliniachia mikono. Mutumishi alirudi nyuma hatua moja, na shati lake lililopigwa pasi likagusa ukuta wenye masizi. Ile furaha niliyoipata, sijui Mungu ataiandika upande gani.

Nilikuwa nimemletea Sifa viatu vya plastiki na pakiti ya biskuti. Nilipomsogelea kumpa, alirudi nyuma. Akaenda kujificha kwenye kikwembe cha Mama Gode. Mama Gode yuleyule aliyemnyoa! Alishika kile kikwembe kwa mikono miwili, akaficha uso. Nikaviweka viatu chini. Nikatoka.

Habari ilifika Kasongo kabla yangu. Sijui ilipanda pikipiki gani. Nguo nilizokuwa nashona wenyewe walikuja kuzichukua, nyingine hazijaisha, wakasema watamalizia kwingine. Msikitini wanawake wanasogeza mikeka. Kaka yangu Shabani alikuja, akakaa, akaniuliza, "Zuhura, ni kweli?" Nilifungua mdomo. Ningelimwambia, angelimwambia mkewe, mkewe angeliwaambia wanawake kisimani, na Sadiki si dereva pekee anayekwenda Kabambare. Siku wakijua kule kwamba sina nguvu yoyote, hofu itawatoka, na mtoto atarudi nyuma ya jikoni. Nikamwambia kaka yangu, wa tumbo moja, "Uniache." Aliondoka. Hajarudi.

Kuna jambo moja ambalo hata Sadiki halijui. Kabla sijachomoa waya wangu pale dukani niliacha mlango mdogo ndani ya boksi, wa kuingilia kutoka mbali. Niliuacha kwa mazoea, kama ulivyokuwa unafanya kwa mashine zote. Sasa kila asubuhi, nikishaswali, nafungua laptop yako, naingia Kabambare nikiwa nimekaa hapahapa. Naangalia kama piloti yuko macho. Naangalia kama mashine haijajibadilisha yenyewe ikamtupa nje. Nimezuia isijibadilishe. Siku moja joto liliifanya kadi ilale, nikaiamsha kabla ya wateja. Mimi, Vero, natunza biashara ya Anselme bure. Veranda yake imejaa wachimbaji. Ananenepa. Namlinda kila asubuhi yule mwizi asipate hata hitilafu ndogo, kwa sababu hitilafu ikija bila mimi kuileta, watatafuta tena uso.

Na mara moja niliileta mwenyewe. Sadiki alikuja akasema Sifa ametolewa shuleni, anazungushwa sokoni na beseni la mandazi. Nilimsubiri aondoke. Nikaingia, nikamlaza piloti. Nikaenda kufua nguo. Kesho yake Sadiki akapiga simu kutoka Kabambare, anacheka kwa hofu: Anselme mwenyewe amempeleka mtoto darasani, amemshika mkono, amemnunulia na kalamu. Nikafungua laptop nikamwamsha piloti. Niliwaambia uongo kwamba naweza kuifunga ile mashine kutoka mbali, na sasa nimeifunga kutoka mbali. Niambie tofauti iko wapi. Wewe ulikuwa unajua kueleza mambo.

Nywele za Sifa zimeota. Sadiki anasema anakula na wengine, tena wanampa nyama kwanza. Hakuna anayempiga. Ameongezeka urefu. Hakuna anayempenda pale ndani, wanamuogopa tu, lakini wanamuogopa kwa heshima. Ni hayo niliyoweza kumpatia mtoto wako. Nilimuuliza Sadiki kama huwa ananitaja. Alijifanya anatafuta ufunguo wa pikipiki. Baadaye akasema, "Anauliza kama bado uko muzima. Nadhani anaogopa, mama."

Sasa nakuaga. Rozari yako uliyoisahau kwangu nimeipeleka kwa masista, sikujua niifanye nini, na kaburi lako nimelipalilia mimi mwenyewe, asubuhi wakati watu wako sokoni, maana wakiniona pale watasema nimekuja kumalizia. Nimekupandia maua yale mekundu ya uani kwenu. Yameshika.

Nakuahidi haya, Mama Sifa. Nitaiweka mashine ile hai mpaka mtoto amalize masomo, hata kadi ikiungua, hata ikinibidi kurudi kule kwa kutambaa tena juu ya magogo. Nitakubali jina walilonipa kwa muda wote huo na sitalikana mbele ya mtu. Na siku Sifa atakapokuwa mwanamke mzima, asiyeweza kufungiwa chumbani na mtu yeyote, nitamtafuta popote alipo. Nitamkalisha chini nimwonyeshe kioo cheusi, nimfundishe kuuliza mashine na kusoma jibu lake kwa macho yake. Nitamwambia mama yake alikufa kwa utumbo uliotoboka na hospitali iliyokuwa mbali na ukaidi wake mwenyewe.

Atakataa kuniamini. Nitamwambia tena.

Kwaheri, Vero.

Zuhura